Rimu Mpya za Kiguu

Mtaani walimwita Kiguu, kwa kufupisha kiguu na njia, na hata mwenyewe hakuona kwamba wamemwonea. Alikuwa mtu wa kunywa chai akiwa amesimama. Ukimkaribisha kiti atakishika mgongo, atakisogeza, atakuuliza kimetengenezwa na seremala gani, kisha atakumbuka kwamba kuna mtu anamngoja mahali. Umri wake ulikuwa umeshapita sitini na magoti yanamnung'unikia, lakini injini ikiwashwa barabarani shingo yake inageuka yenyewe.

Kazi ndiyo iliyomlea hivyo, au yeye ndiye aliyejichagulia kazi ya kumfaa. Wanaomjua wanabishana mpaka leo. Ujana wake wote aliendesha magari ya kampuni ya wapima barabara, wale wanaokwenda kwanza mahali ambapo hapajawa na njia. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa yeye akiwa porini. Habari aliipata kwa muuza mafuta wa kituoni, aliyempa pongezi huku anamjazia tangi. Wa pili alimkuta anatambaa. Wa tatu angalau alimuwahi, akampakata kidogo, simu ikalia, akaaga. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na ushonaji ni kazi ya kukaa. Alikaa dirishani, mguu kwenye pedali na jicho kwa watoto, akashona sare za shule za mtaa mzima, na wote watatu akawakuza humo humo. Watu walisema wale wawili wameoana ili mmoja akae kwa niaba ya mwenzake.

Kampuni ilipouza magari yake makuukuu, Kiguu alistaafu na moja kati ya hayo. Ilikuwa pikapu ya fowili, yenye kiti kirefu cha mbele cha kukaa watu watatu, ya zamani kiasi kwamba ukitaka magurudumu ya mbele nayo yavute, lazima ushuke kwenye tope uzungushe hab, kile kitovu cha gurudumu, kwa mkono, kulia na kushoto. Aliipenda kuliko vile mtu mzima anavyopaswa kupenda bati.

Ugonjwa ulipoingia nyumbani humo haukumpata yeye, ulimpata mkewe. Figo zilichoka. Daktari akasema mama asafishwe damu kwa mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila wiki, na si jambo la kuruka. Kiguu alilipokea kwa bidii kubwa, maana lilikuwa na safari ndani yake. Asubuhi ataosha vioo, atampakia mkewe, atashuka naye mpaka mjini, atamfikisha mlangoni pa wodi ya mashine na kusema, "Nitakufuata baadaye," kisha huyoo. Mara kambebea mtu mchanga wa kujengea, mara kamhamishia mwingine vyombo, mara kaenda tu kutazama daraja jipya limefikia wapi. Akirudi humkuta mkewe kwenye benchi la nje, plasta mkononi, mtandio kauvuta mpaka masikioni, wenzake wote wameshachukuliwa.

Ijumaa moja, wakiwa njiani kurudi, mkewe alisema bila kumtazama, "Mie sirudi tena kule."

"Kule wapi?"

"Kwenye mashine. Nimechoka, mzee. Naumia."

Kiguu alikaza mikono kwenye usukani, na usukani wenyewe ulikuwa unatetemeka. Rimu za chuma za gari lile zilikuwa zimepindapinda kwa mawe ya miaka yote ile, na kila shimo la barabarani lilipanda kupitia kiti mpaka kwenye uti wa mgongo. Akamtazama mkewe anavyorushwarushwa. Ndiyo hivyo basi, akasema moyoni, mgonjwa anatikiswa namna hii ataachaje kuumia? Gari ndilo linalommaliza. Na papo hapo hofu ikampungua, kwa sababu gari ni kitu anachokijua.

Jumatatu mkewe hakwenda. Alikaa mbele ya cherehani bila kushona, vifundo vya miguu vimeanza kuvimba. Watoto walipiga simu mmoja baada ya mwingine, wakabembeleza, akawajibu kwa upole na asibadilike. Muuguzi naye akapiga, akazungumza na Kiguu: "Baba, sitakuficha. Akikosa na Jumatano, maji yatapanda kwenye mapafu. Tunaweza kumpoteza."

Kiguu alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hatimaye akasimama mlangoni pa chumba cha cherehani.

"Mama, nikilifanya hilo gari litulie, lisitikisike hata chembe, utakwenda?"

Mkewe alimtazama muda mrefu, kama mtu mwenye neno mdomoni ambaye ameshaona kwamba halitafika. "Tutaona," akasema.

Tutaona ilimtosha. Siku ile ile alikwenda kwa muuza magari yaliyokufa, akapata alichokitaka: rimu nne za aluminiamu, zimetolewa kwenye gari la toleo jipya la watengenezaji wale wale wa pikapu yake, lililogongwa ubavuni. Zilikuwa zimenyooka, nyepesi, matairi yake bado yana meno. Alizipangusa kwa shati lake mwenyewe.

Kesho yake, Jumanne, alizipeleka gereji kwa shemeji yake, mdogo wake mkewe. Huyu naye alikuwa na jina lake la mtaani, Fundi Subiri, kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kumuuliza swali asijibiwe kwanza "subiri." Mungu akitaka kumtia mtu adabu humpa shemeji wa namna hiyo.

Fundi Subiri alipiga jeki gurudumu la mbele, akavua rimu ya chuma, akapachika mpya. Stadi sita, zile skrubu za hab zinazofungwa nati, ziliingia kwenye matundu sita bila ugomvi. Akang'oa kile kifuniko cha plastiki cha katikati, hab ya zamani ikatokeza pua nje vizuri. Akalizungusha gurudumu taratibu, sikio kaliinamisha. Akapitisha kidole kati ya rimu na breki, kikapita. Akageuza usukani mpaka mwisho wa kulia, mpaka mwisho wa kushoto, halikugusa popote.

"Nilikwambia!" Kiguu akapiga kofi bodi ya gari. "Funga twende."

"Subiri."

"Nini tena?"

Fundi aliokota nati moja ya zamani, akaipangusa mafuta, akaiweka kiganjani mwa shemeji yake. "Iangalie. Imechongoka mbele, si ndiyo? Rimu ya chuma tundu lake limebonyea kama kibakuli, huo mchongoko unakaa humo. Sasa tia kidole kwenye tundu la hii mpya. Limenyooka kama bomba. Hii inataka nati yenye shingo, izame ndani, na washa bapa, kile kipete cha chuma, ikae juu. Ukifunga hii ya zamani itagusa ukingo tu."

"Itakaza au haitakaza?"

"Itakaza. Itakudanganya imekaza. Halafu itaachia."

"Hizo zenye shingo zipo wapi?"

"Hapa hakuna. Nimeshampigia muuza vipuri, Alhamisi zinaingia. Subiri Alhamisi."

"Dada yako anatakiwa hospitali kesho!"

"Mpeleke na rimu zake za siku zote."

"Hataki kupanda. Amesema anaumia."

Fundi Subiri aliinamisha kichwa, akakuna kidevu kwa spana. "Amesema gari linamuumiza, au amesema anaumia?"

"Kuna tofauti gani?"

"Shemeji, kaa naye. Muulize."

Neno "kaa" halikuwahi kumwingia Kiguu vizuri. Ile ya chuma iliporudishwa mahali pake, alizipakia rimu zake mpya nyuma ya gari, zote nne, akaondoka kwa hasira, na alipoipita kona ya gereji alikuwa ameshakata shauri. Nati ni nati. Amefunga magurudumu kabla huyo kijana hajajua kufunga kamba za viatu.

Jumatano asubuhi, uani kwake, alivua rimu za chuma moja moja, akafunga za aluminiamu kwa nati zile zile za mchongoko. Kila nati aliisimamia kwa mguu juu ya spana, kwa uzito wake wote, na kila moja ikalia ikagoma. Rimu za zamani akaziegemeza ukutani. Gari lilionekana kama mzee aliyevishwa viatu vya bwana harusi, na Kiguu alilizunguka mara kadhaa, hawezi kuacha kulitazama.

Mkewe alitoka na mkoba wake mdogo. Alitazama magurudumu, akamtazama mume, akapanda. Huenda alipanda kwa ajili ya watoto. Huenda alimwonea huruma mtu aliyekesha roho juu kwa ajili ya vyuma. Kiguu hakuuliza, aliwasha gari kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Na lilitulia kweli. Usukani ulinyamaza. Mashimo madogo walipita hawakuyajua.

"Eh," mkewe akasema. "Limekuwa gari la watu."

"Si nilikwambia!" Kiguu alijisikia kijana. Akaanza kueleza habari za aluminiamu, jinsi ilivyo nyepesi, jinsi inavyopoza breki, akaeleza mpaka wakapita sokoni, wakapita daraja, wakaanza kuushuka mteremko mrefu wa kuelekea mjini. Hapo ndipo aliposikia kitu. Tok. Kikanyamaza. Tok, tok.

Alifungua redio.

Hilo ndilo alilolifanya, mtu mwenye uzoefu wake wote. Alifungua redio, akapandisha sauti. Tok tok ikamfuata chini ya muziki. Mkewe akanyoosha mkono akaizima.

"Mzee, kuna kitu kinagonga."

"Ni kokoto kwenye tairi."

"Kokoto gani inayovuta gari pembeni?"

Usukani ulikuwa umeanza kuvuta kushoto, kweli. Kiguu alipunguza mwendo, akaingia kwenye nyasi za kando, akazima, akashuka. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limebaki na nati nne. Moja ya hizo aliigusa kwa vidole viwili, ikazunguka. Kuzunguka matundu kulikuwa na unga mweusi wa aluminiamu iliyosagika, na stadi moja imelika nyuzi zake. Alikagua magurudumu mengine, nayo yameanza kulegea. Alisimama pale akiufikiria ule mteremko uliobaki na bonde lililo pembeni yake, na nani alikuwa ameketi upande wa kushoto.

Spea ilikuwepo, ya chuma, lakini spea moja haivishi miguu minne. Alimpigia shemeji yake. Fundi Subiri alisikiliza, akavuta pumzi, na safari hii hakusema lake. Alisema, "Usiligeuze hilo gurudumu hata nusu. Napita nyumbani kwenu nachukua zile za chuma. Nakuja." Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na hilo nalo angeweza kulisema, lakini hakulisema.

Kiguu alimpigia muuguzi, akaambiwa waje hata wakichelewa, mashine atamwekea. Akaweka mawe mbele ya matairi. Akatoa jeki. Akairudisha. Akafungua boneti, ambako hakukuwa na tatizo lolote. Kisha akaja dirishani kwa mkewe.

"Naenda kule juu nikatafute nati zilizodondoka. Sikawii."

"Za kufanyia nini?"

"Basi tu, zisipotee."

"Kaa."

"Nitarudi sasa hivi, mama, ni hapo—"

"Nimesema kaa! Mume wangu, ingia humu ndani ufunge mlango ukae!"

Mkewe hakuwahi kumpandishia sauti namna ile. Kiguu aliingia, akafunga mlango. Funguo akazishika mkononi, mguu wake wa kulia ukaanza kucheza wenyewe kwenye pedali.

Mkewe alivuta pumzi kwa shida; kifua kilikuwa kimeshaanza kuwa kizito. "Ijumaa ile," akasema, "presha ilinishuka nikiwa kwenye mashine. Niliona giza. Nikasikia yule muuguzi anasema, aliyekuja na mama huyu yuko wapi? Wakaniuliza, nikashindwa kujibu. Kuna binti amekuja na mama yake, kitanda cha jirani. Ndiye aliyenishika mkono, akawa ananiambia mama usilale, mama usilale. Jina langu halijui, mzee. Ningekufa mkono wangu umeshikwa na mtu baki."

Kiguu alifungua mdomo.

"Wewe ulikuwa wapi?" mkewe akamuuliza.

Alikumbuka vizuri alikokuwa. "Nilikuwa... kuna mtu nilimsaidia kuhamisha kabati."

"Kabati."

"Simjui hata jina."

Magari yalipita, kila moja likaitikisa pikapu kidogo. Mkewe hakulia. Alikuwa amechoka kuliko kulia. "Nilipokwambia naumia, nilidhani utauliza unaumia wapi. Ukaenda kununua rimu."

Hapo Kiguu alihisi jambo ambalo halikuwa na spana yake. Alitaka kuteremka, mkono ulishafika kwenye kitasa. Akaurudisha. Akasema kwa haraka, macho kwenye kioo cha mbele, kama anamwambia mtu aliyeko barabarani:

"Naogopa. Siku ya kwanza niliingia, nikaona damu yako yote inatembea nje kwenye mipira. Miguu iliisha nguvu. Nikajua nikikaa pale nitaanguka mbele za watu. Ndiyo maana nakimbia. Miaka yote ile nikiwa porini nilijua wewe upo dirishani, nikirudi nitakukuta. Sikuwahi kufikiri unaweza usiwepo."

"Na mimi naogopa," mkewe akasema. "Ila mimi nimechomwa sindano, nimefungwa kitandani. Sina pa kukimbilia."

Kiguu alikaa tu. Mguu ulicheza, akaubana kwa mkono, ukacheza tena, akaubana. Waliketi hivyo mpaka pikipiki ya mizigo ilipotokea juu ya mteremko, Fundi Subiri kakaa nyuma juu ya rimu nne za chuma kama mfalme wa chakavu.

Fundi alimsalimia dada yake kwanza, kwa muda mrefu, mikono miwili dirishani. Kisha akafanya kazi. Hakumsema shemeji yake neno, na Kiguu, aliyekuwa amejiandaa kutukanwa, aliona afadhali angetukanwa. Rimu za chuma zikarudi kwenye hab zake, nati zikakaa kwenye vibakuli vyake. Lile gurudumu bovu likafungwa kwa nati tano tu, moja Fundi kaitoa mfukoni mwake, stadi ya sita imekufa. Za aluminiamu zikatupwa nyuma. Fundi akashika usukani, dada yake katikati, Kiguu mlangoni, wakateremka polepole.

Gari likatetemeka kama kawaida yake. Meno yaligongana. Kiguu alimtazama mkewe kwa wasiwasi kila shimo, na mkewe hakuonekana kulijali hata moja.

Hospitalini Fundi Subiri aliegesha mbele ya wodi ya mashine. "Shemeji, hili gari silipendi litembee na stadi tano. Nikupe leo jioni, au—"

"Lipeleke," Kiguu akasema. "Kaa nalo mpaka hizo nati zako zije. Mpaka ulifunge unavyotaka wewe."

"Na wewe utatembeaje?"

"Nitembee niende wapi?"

Fundi alimtazama, akachukua funguo, akaondoka bila kusema subiri.

Ndani, muuguzi alimpa Kiguu kiti cha plastiki kando ya kitanda. Alikaa. Sindano ilipoingia aliangalia dari. Damu ilipoanza kupanda kwenye mpira, mara mbili alisimama, na mara mbili alikaa tena. Hakuwa na funguo za kuchezea. Alitafuta kitu cha kushika, na kilichokuwa karibu kilikuwa mkono wa mkewe, ule usio na sindano. Ulikuwa wa baridi. Vidole vyake vilikuwa na vitundu vidogo vya sindano za cherehani, na Kiguu alitambua kwamba hakuwahi kuviona.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mwingine na binti yake. Binti aliwatazama, akamnong'oneza mkewe, "Mama, leo umekuja na nani?"

"Na mume wangu," akasema.

Alifumba macho. Mashine ikaendelea kuvuma. Kiguu aliona kifua cha mkewe kinaanza kupanda na kushuka kwa wepesi, akadhani amelala, na mguu wa kulia ukaanza tena kucheza sakafuni.

"Ijumaa," mkewe akasema, macho bado kayafumba, "tutoke mapema. Na uje na sweta, humu ndani baridi, na wewe unakaa sana."